Wageni wa Kadzo Niliowadhania Watu wa Posa

Haya, sogeeni niwaambie, lakini mkitaka kucheka geukeni kule mchekee huko, maana mimi mwenyewe jambo hili likinijia niko peke yangu jikoni nafunika uso kwa leso, na jikoni hamna mtu, ni paka tu. Mimi Dama, bibi wa wajukuu kumi na wanne, niliyefika darasa la pili nikatolewa nikachunge mbuzi, kwa kinywa changu hiki nilikaribia kumfungisha mjukuu wangu jela ya jeshi, na niliyafanya hayo nikiwa nimefurahi, leso mpya nimeitoa, na kuku nimechinja.

Mjukuu mwenyewe ni Kadzo. Mama yake, binti yangu wa tatu, alipata kazi hotelini kule Bofa, mtoto akaniachia mimi hapa Ganze tangu alipoacha kunyonya. Nimemlea mimi, shule amesoma hapa, maji amebeba kichwani hapa, na alipomaliza shule akaenda kukimbia siku ile ya kuandika wanajeshi, akawashinda wavulana wenye misuli kama mihogo, wakamchukua. Sasa ni miaka minane. Huko jeshini anafanya nini? Sijui. Wala sikuwahi kujua. Akija likizo namwuliza, "Kadzo mwanangu, huko mwafanya nini?" ananijibu, "Kazi, Hawe," (hawe ndiyo bibi kwetu sisi Wagiriama) kisha anachukua jembe anaingia shambani, na mimi nabaki mlangoni na masikio yangu yamesimama bure.

Sasa nyinyi foleni ya maji ya kwetu mwaijua. Ukifika kioski asubuhi mitungi imeshapangwa mpaka barabarani, na maji yanatoka kidogo kidogo kama machozi ya mtu anayeona haya kulia, mwakaa hapo saa tatu, saa nne, jua linawachoma utosi. Mtafanya nini? Porojo. Na porojo Mungu amenijalia. Wanawake walikuwa wakiniuliza, "Dama, Kadzo yuko wapi siku hizi, anafanya kazi gani?" na mimi kusema sijui naona aibu, maana watasema mtoto umemlea wewe na leo hakwambii kitu, amekudharau. Nikaanza kidogo tu, kwa nia njema, nikasema Kadzo amepanda helikopta. Ubaya uko wapi hapo? Wiki iliyofuata helikopta akawa anaiendesha yeye. Mwezi mwingine nikampa ufunguo wa ghala la bunduki, halali mpaka autie chini ya mto. Halafu nikamtia ndani ya meli inayozama kwa makusudi ikaibukie upande wa pili. Basi wanawake wanapiga makofi, wanashika vichwa, na jirani yangu Mbodze (tuliolewa mwaka mmoja mimi na yeye, twajuana mpaka makovu) anapiga kelele, "Jamani mpisheni Dama mbele, mtungi wake ujae atumalizie hadithi!" Nikapishwa. Na mtu ukipishwa foleni ya maji Ganze mara tatu, ya nne utatunga hata kama huna la kutunga.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Jumanne moja, saa nne asubuhi, nimekaa uani napepeta mahindi, nikaona gari safi limesimama njiani. Wakashuka watu wawili. Mmoja mwanamume mrefu, viatu vinang'aa mpaka kuku wangu wakakimbia, mwingine mwanamke wa makamo, mnyamapole, ana faili kifuani. Wakapiga hodi kwa adabu, nikawatolea viti na maji ya kunywa.

"Shikamoo bibi," akasema yule mrefu.

"Marahaba wanangu, karibuni."

"Bibi, sisi tumetoka jeshini, kitengo cha uchunguzi. Tumekuja kuuliza habari za Kadzo. Huenda akapewa kazi yenye siri, na kabla ya hapo ni lazima tujue tabia yake na watu wake." Akatoa kitambulisho akanipa. Nikakishika kwa mikono miwili, nikakitazama sana, nikamrudishia, na alipokipokea nikaona anakigeuza kwanza, kumbe nilikuwa nimekishika kichwa chini miguu juu.

Mtasema, Dama, mtu amekwambia waziwazi ametoka wapi, wewe ulichanganyikiwa na nini? Ngojeni. Kwetu sisi watu wa posa siku ya kwanza hawaji wakasema wamefuata mke. Thubutu! Watakwambia wamepotelewa na mbuzi, watakwambia wanakwenda matangani wamepita kuomba maji ya kunywa, wakishakaa ndipo maswali yanaanza kutoka moja moja, binti huyu aamka saa ngapi, aongea na nani, ana hasira au hana, na wewe mwenye binti unajifanya hujaelewa lolote huku unamsifu mtoto mpaka wageni wenyewe wachoke. Mimi nilipoposwa walikuja wazee wawili wanatafuta jogoo mwekundu, na kijiji kizima kilijua ukoo wa mume wangu hawafugi kuku. Sasa Kadzo ana miaka thelathini inakaribia, hana mume, na mimi kila jioni namwomba Mungu. Wanakuja watu wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa vizuri, wanauliza tabia yake na watu wake! Nikajisemea, loo, mchumba ni mwanajeshi mwenzake, huyu mrefu ni baba yake mdogo, na huyu wa faili ni shangazi mtu. Huo uchunguzi wao ndiyo mbuzi aliyepotea. Na kila yule mrefu alivyorudia kwamba wametoka jeshini, ndivyo nilivyozidi kumpenda, nikasema huyu kazi ya posa anaiweza, haachi mbuzi wake.

Yule shangazi (nawaambia shangazi kwa sababu ndivyo nilivyomwita kimoyomoyo) akafungua faili. "Bibi, Kadzo ana marafiki wa nchi za nje?"

Nikafikiri, wanataka kujua kama binti ameona dunia, asije akamwaibisha mume mbele za watu. "Tele! Wazungu hawampiti. Pale Malindi kuna Mtaliano, hapiti wiki hajamwulizia Kadzo."

Kalamu ikaandika. "Jina lake nani huyo Mtaliano?"

"Jina refu, mwanangu, siliwezi."

"Na akija likizo, husimulia habari za kazi yake?"

Hapo sasa. Nikasema hapa ndipo posa inapopita au inapovunjika, maana hakuna mwanamume anayetaka mke wa kumficha mambo. Nikajipiga kifua. "Kadzo? Kadzo hafichi kitu! Yule moyo wake ni dirisha wazi. Kila kitu ananiambia mimi bibi yake."

Yule mrefu akaacha kunywa maji. "Kila kitu?"

"Kila kitu! Mkitaka nitawaambia hata wanapolala."

Nikawaambia. Helikopta niliwaambia, ufunguo chini ya mto niliwaambia, meli niliwaambia, na hata ile ya magari ya jeshi yanayopita njia ya porini alfajiri bila kuwasha taa, yakifuatana mkia kwa mkia. Hiyo nilikuwa nimeisimulia kioski wiki mbili nyuma na watu waliipenda sana. Shangazi anaandika, hanyanyui uso, na mimi naona raha, nasema huyu anataka asisahau hata sifa moja atakapofika kwao.

Mara Mbodze akapita na mtungi wake, nikamkonyeza. Mbodze kumkonyeza ni kama kupiga baragumu. Haikupita nusu saa ua wangu umejaa wanawake, vigelegele vinapaa, kuku wangu wa madoa ameshakatwa shingo, na mimi nimeingia ndani nikatoka na leso mpya ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya Pasaka, nikamvisha shangazi mabegani. Akasimama. Akaivua taratibu, akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Asante bibi, lakini haturuhusiwi kupokea zawadi."

Kukataa leso ya mwenye binti! Nikamgeukia yule mrefu, nikamwambia kwa kicheko cha kujikaza, "Haya, basi ile kadzama iko garini au mtaileta siku nyingine?" (Kadzama ni ule mtungi wa pombe ya mnazi wanaoleta watu wa posa kufungua mazungumzo, bila huo hakuna neno.)

"Kadzama ya nini, bibi?"

"Ya Kadzo!"

"Bibi, sisi tuko kazini. Hatunywi."

Nikajua, wamemkataa mtoto wangu mbele ya kijiji kizima, sifa hazikutosha. Nikafanya nini? Nikaongeza. Enyi wenzangu, niliongeza kama mtu anayetia kuni moto umeshaunguza chungu. Nikasema wakubwa wa jeshi hawaendi popote bila kumwuliza Kadzo, nikasema siri zote za kambi zimo kichwani mwake na zote ameniletea, na Mbodze naye akaingia kunisaidia, "Kweli kabisa, kila siku Dama anatusimulia kioski, sisi sote twayajua mambo ya huko!" na wanawake wote, "Ndiyooo!" Shangazi akauliza kwa upole, "Wangapi mnayajua?" Wakanyoosha mikono. Akawahesabu.

Wakaondoka bila kula kuku.

Siku kumi baadaye simu yangu ndogo ikalia. Kadzo. Sauti yake siyo ile ninayoijua.

"Hawe, kuna watu walikuja nyumbani?"

"Walikuja mwanangu! Baba mdogo viatu vyake vyang'aa, na shangazi mtu nimempenda ingawa alikataa leso yangu..."

"Shangazi gani, Hawe?"

"Shangazi wa mchumba wako."

Nikasikia mtoto wangu analia, Kadzo ambaye alivunjika mkono akiwa darasa la nne hakutoa chozi. "Hawe, wale ni wachunguzi. Ni watu wa jeshi wanaochunguza wanajeshi. Nimesimamishwa kazi. Nimekaa chumba kimoja naulizwa kila siku nilikwambia nini, na lini, na kwa nini. Wanasema natoa siri. Nikipatikana na kosa ni mahakama ya jeshi, ni jela. Hawe, mimi nilikwambia nini? Niambie. Nilikwambia nini mimi?"

Nikasema, "Hukuniambia kitu."

"Basi waambie hivyo," akasema, simu ikakatika.

Sikusubiri hata kuvaa viatu vya kutokea. Nilikwenda kwa chifu kwa miguu, jua lile mnalijua, nikafika nimekauka, nikamweleza yote. Chifu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu alipofika pale pa mahakama ya jeshi akaiokota kofia akaivaa, akapiga simu mbele yangu, hakucheka tena.

Walikuja siku ya nne, walewale wawili, wakaniketisha ofisini kwa chifu, na dirishani kumejaa watu waliokuja kutafuta vitambulisho vyao, hakuna aliyekumbuka kitambulisho tena, wote masikio kwangu. Yule mama akanieleza polepole kama mtu anayemwekea mtoto dawa ya jicho. Akaniambia kazi yao ni mambo mawili, mwanajeshi akikosea wao ndio wanaomfuatilia, na mwanajeshi akitaka kuwekwa karibu na siri wao wanatangulia kuangalia kama kuna ufa adui anaweza kupita. "Na ufa, bibi, mara nyingi siyo mwanajeshi mwenyewe. Ni nyumbani kwao."

"Ufa ni mimi," nikasema. "Nilidanganya. Kadzo hajaniambia kitu tangu aingie jeshini. Nilidhani nyinyi ni watu wa posa."

Watu dirishani wakaguna. Yule mama hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Nakusikia. Lakini bibi yeyote mwenye kumpenda mjukuu wake angesema hivyo leo. Sasa mimi nitajuaje uongo ni upi, wa siku ile au wa leo?"

Hebu fikirini swali hilo. Mtu umedanganya miaka minane watu wamekuamini, siku unasema kweli mara moja tu, kweli haina shahidi hata mmoja. Nikaona Kadzo ndani ya chumba kile. Nikasema, "Nipelekeni kioski cha maji. Wale wanawake ndio wanaozijua hadithi zangu zote. Nitazifungua moja moja mbele yao."

Tukaenda. Chifu mbele, wale wawili nyuma, mimi katikati kama mwizi wa mbuzi, na wale wa vitambulisho wakatufuata wote. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko kawaida (siku ya aibu yako watu huwa hawakosi). Nikasimama juu ya mtungi uliogeuzwa, nikasema, "Jamani, yote niliyowaambia habari za Kadzo ni uongo. Nilitunga."

Mbodze, rafiki yangu wa miaka yote, akatupa kata yake chini. "Dama, usiogope! Wamekutisha hawa! Sisi twajua ni kweli, hata wakitupeleka sote jela tutasema ni kweli!" Na wanawake wote wakaanza kuapa, mmoja kwa Mungu, mmoja kwa kaburi la mama yake, kwamba Kadzo anaendesha helikopta. Nikaona yule mrefu anamtazama mwenzake. Wanawake wananitetea, na kila anayenitetea anamsukuma mtoto wangu jela.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Helikopta niliiona ikipita juu kwenda Malindi! Meli ya kuzama ni picha ya kalenda ya dukani! Yule Mtaliano ni mama mmoja kizee, alinunua kikapu kwangu Malindi Kadzo akiwa na miaka kumi, akamshika shavu, basi, sijamwona tena mpaka leo!"

"Na ufunguo chini ya mto?" akauliza mmoja.

Kabla sijajibu nikamwona Mbodze anakunja uso. "Hebu ngoja kwanza," akasema. "Ufunguo chini ya mto... Dama, mbona hiyo ulinisimulia tukiwa na mimba zetu za kwanza? Mwenyewe alikuwa mjomba wako, askari wa gerezani."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Kadzo alikuwa hajazaliwa!"

"Hata mama yake alikuwa bado hajazaliwa, Mbodze."

Kalamu ya yule mama ikaanza kwenda. Akauliza, kwa sauti ya chini, hamtazami mtu, "Na ile ya magari yanayopita alfajiri bila taa?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. "Hiyo ni ya kaka yake Mbodze."

"Kaka yangu?"

"Alipokuwa dereva wa lori la mkaa. Si ulinisimulia mwenyewe, kwamba walikuwa wanapita njia ya porini malori matatu, mkia kwa mkia, taa zimezimwa, wasionekane na askari wa msitu? Mimi nilitoa mkaa nikatia wanajeshi."

Chifu akakohoa akatazama juu ya miti, maana sasa mkaa wa kaka mtu umeshatajwa mbele yake. Lakini Mbodze hata chifu hakumwona. Alikuwa ananitazama mimi. "Umechukua hadithi yangu," akasema polepole, "ya kaka yangu wa tumbo moja, ukaigeuza, ukanisimulia mimi mwenye hadithi, nikashika kichwa, nikakupisha mbele. Mimi na mgongo wangu huu unaouma. Nikakupisha."

Watu wakacheka. Kioski kizima kilicheka, wa vitambulisho wakacheka, mpaka mwenye kufungua maji alicheka akasahau bomba likamwagika. Mbodze hakucheka, na mimi ardhi ilikuwa imekataa kupasuka nikaingia.

Walimpigia kaka mtu palepale, kwanza akakana mkaa, halafu akakubali kila kitu. Yule mama akafunga faili. Kwa mara ya kwanza akapumua kama mtu. Hakuniambia kwa nini hiyo ya magari ndiyo aliyoisubiri, wala mimi siulizi, lakini yule mrefu alinisogeza kando kwenye kivuli cha kioski, akaniambia, "Bibi, mimi nimezika mwenzangu kwa maneno ya foleni kama hii. Aliyesema hakuwa adui. Alikuwa anapiga porojo tu." Akaondoka na viatu vyake vimejaa tope la maji. Maneno hayo sijayatoa kifuani. Kucheka kule kwa watu kumekwisha, haya yapo.

Kadzo akaachiliwa, jina lake likasafishwa. Lakini ile kazi yenyewe aliyokuwa akiingojea, wakati yeye anaulizwa maswali ya uongo wangu, walikuwa wameshampa mtu mwingine.

Alikuja likizo mwezi uliofuata. Nilimpikia sima na mchicha wa nazi, akala, nikapiga magoti mbele yake (mimi, bibi yake) akaninyanyua. Nikamwambia nilikuwa naona aibu kwamba haniambii kitu, nilidhani hanipendi. Akaniambia, "Hawe, wanaume walinitafuta nikakaa kimya, marafiki walinikasirikia nikakaa kimya, wewe mwenyewe uligomba nami nikakaa kimya. Miaka minane. Hicho ndicho kitu changu nilichokuwa nacho kizuri jeshini, kwamba sisemi. Na wewe ukaenda ukawaambia ninasema." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mbodze naye alikaa miezi miwili hasemi nami, siku hizi tunasalimiana, na mtungi wangu naupanga nyuma ninapoukuta mkia wa foleni. Wakiniomba hadithi nawaambia mdomo una jipu.

Sasa juzi, kabla ya mvua hizi, wamekuja tena wawili, wengine kabisa, wana faili lao. Nikakiomba kitambulisho, nikakigeuza upande ulio sawa. Wakaniuliza, "Bibi, Kadzo akija nyumbani husimulia habari za kazi yake?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata siku moja."

"Na wewe bibi, hilo halikuumizi?"

Wenzangu, hapo ulimi ulinikuna. Nilikuwa na maneno ya kuwajaza mpaka jioni. Nikashika ungo wangu nikapepeta. "Liliniuma zamani," nikasema, na nikanyamaza, wakangoja, nikaendelea kupepeta, mpaka wakaaga.

Kama ile kazi safari hii ameipata, sijui. Amekuja Krismasi, amenenepa kidogo, uso una nuru, alikuwa akiimba peke yake shambani. Hakuniambia kitu. Na mimi, Mungu ni shahidi, sikumwuliza.